Mmoja Asome, Mmoja Abaki

Mwalimu Kadzo hajaniacha nipumue tangu nilipostaafu. "Bi Swabra, andika," ananiambia, "sisi uliotuachia darasa tupate pa kushika." Nimemwambia mimi si mtu wa kukaa kitini. Hata sasa naandika nimesimama, karatasi juu ya friji, na kila baada ya maneno machache naondoka kwenda kukoroga chungu ambacho hakihitaji kukorogwa. Mkiona mahali maneno yamekatika, jueni nilikuwa na mwiko mkononi.

Kama mwataka kujua nilipandishwa cheo lini na nikilipwa kiasi gani, ofisi ipo, kaulizeni. Mimi nilikuwa mwalimu wa watu wazima, mwalimu wa gumbaru kama wanavyotuita mitaani, tangu usichana wangu hadi mvi hizi. Nitawaeleza kazi hii ilivyoniingia, aliyenifunza, na nyumba moja iliyonishinda miaka yangu yote ya kazi. Nyumba hiyo ni yetu wenyewe, na aliyekuwa ndani ni mdogo wangu, Nuru. Nilitoa watu wengi majumbani wakaja kusoma. Nuru sikumtoa. Hilo ndilo lililonifanya nisitulie, na wale waliokuwa wakiniona nikizunguka kwenye veranda ya ofisi wakidhani nina kisukari, basi sasa mwajua.

Tulizaliwa Mji wa Kale, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Mama yetu alifariki wakati mimi naota meno ya pili na Nuru ndiyo kwanza anajua kusimama. Baba, aliyekuwa na duka la kofia, hakukubali kuwa ni homa iliyomchukua. Alisema ni macho ya watu. Mama alikuwa mzuri, alikuwa na sauti ya kutamanika kwenye harusi, watu wakamtazama mpaka wakammaliza. Ilipokwisha arobaini yake, Baba akaifunga nyumba. Mashangazi wakija waliambiwa watoto wamelala. Majirani wakipiga hodi, sisi ndani tumeshafunzwa kunyamaza mpaka wachoke. Asubuhi alipokwenda dukani alitufungia kwa kufuli la nje. Shule hakuna, chuoni kwa maalimu hakuna. Sura fupi za kuswalia alitufundisha mwenyewe kwa mdomo, na kazi yetu mchana kutwa ilikuwa kushona kofia.

Hakuwa akitupiga. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari za baba kama huyu hungoja kusikia fimbo. Alitupikia, alitusuka nywele, vibaya lakini alitusuka, na akilia alikwenda kulilia jikoni tusimuone. Alikuwa na hofu, na sisi tuliishi ndani ya hofu yake. Mimi nikizunguka ukumbini kutwa nzima mpaka akanipa jina la Pia, ile ya kuchezea watoto. Nuru alikuwa mbali na hayo. Ukimpa uzi na sindano na mahali pa kukaa, hutamsikia tena. Tumbo moja, lakini ungedhani tumeokotwa pahali tofauti.

Ng'ambo ya kichochoro alikaa Bi Zarina, mjane, mwalimu wa shule, Mhindi Mwislamu ambaye babu zake walitoka Kachi na yeye mwenyewe hakujua mji mwingine ila Mombasa. Vichochoro vyetu mwavijua. Ukinyoosha mkono dirishani na mwenzio akinyoosha wake, mnapeana chumvi. Aliniona ninavyozunguka, na hakunisemesha, kwa kuwa sauti ingesikiwa na majirani na majirani wangeifikisha dukani. Siku moja aliinua kikombe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akainua kibao cha chaki chenye maandishi. Kesho yake akainua kijiko na kibao. Kisha kisu. Kisha kiatu, na uso wake hauna hata tabasamu, utadhani yuko sokoni auza.

Ndivyo nilivyojifunza kusoma, bila sauti hata moja. Siku nilipogundua kwamba kikombe, kijiko, kisu na kiatu vyote vinaanza sawasawa, niliruka, na kofia niliyokuwa nikishona ikaenda upande. Nilimvuta Nuru aje aone. Alitazama dirishani kidogo, akasema, "Yule mama ana vyombo vingi," akarudi kwenye uzi wake.

Bi Zarina alijua kwamba Baba hafungulii mtu mlango wa nyumba. Lakini mlango wa duka lazima afungue, la sivyo tutakula nini? Basi kila Ijumaa akawa aenda kununua kofia. Anachagua kwa makini, anauliza habari za uzi, anasifu viua vilivyotariziwa, anaaga. Na mjane yule hakuwa na mtoto wa kiume, wala ndugu wa kiume, wala hata mtumishi wa kiume. Alinisimulia mwenyewe baadaye, akicheka mpaka miwani ikamdondoka, jinsi Baba alivyovumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Bi Zarina, niwie radhi," akamwambia. "Kofia zote hizi, yuwazivaa nani?"

"Hakuna. Ziko kabatini."

"Sasa wanunulia nini?"

"Nipate kusema nawe. Nyumbani kwako hakufunguki, nami nimekuja kunakofunguka."

Alimwomba atupeleke shule. Baba alikasirika, akamwambia asiziguse tena kofia zake. Ijumaa ya pili akarudi, akachagua kofia kwa makini vilevile, akaaga. Ilikwenda hivyo kwa muda mrefu. Mwishowe Baba alichoka, au hofu ilimlegea, sijui, hakuniambia mpaka anaingia kaburini. Siku hiyo alifunga kofia kwenye karatasi, akamkabidhi Bi Zarina, akasema bila kumtazama, "Mmoja. Mmoja asome, mmoja abaki."

Nikaenda mimi. Nilikuwa mkubwa, na Nuru alikuwa akisogezwa tu karibu na kizingiti anapiga kelele. Mtu hawezi kumlaumu Bi Zarina; alipata alichoweza kupata. Wala mimi sijilaumu, nilikuwa mtoto. Lakini neno lile la Baba lilinikaa kifuani, na kila nilichosoma nilikisoma nikijua kuna mtu amekaa nyumbani ndipo mimi nikatoka.

Siku ya kwanza shuleni mwalimu alinipa kitabu nisome mbele ya darasa. Nilikijua chote. Niliyaona maneno, nikayafahamu, na sauti haikutoka. Sikuwahi kutamka neno lililoandikwa mbele ya mtu maishani mwangu; kwangu mimi kusoma kulikuwa jambo la kimya baina ya madirisha mawili. Darasa likacheka. Mwalimu akadhani nimebahatisha kufika pale, akanirudisha na watoto wa chini kabisa, magoti yangu hayaingii chini ya dawati. Basi sikilizeni, hili ni la kazi: msimlazimishe mtu mzima kusoma kwa sauti mpaka aombe mwenyewe. Kuna waliokaa darasani kwangu mwaka mzima midomo imefungwa, na walikuwa wakisoma. Nilijua kwa macho yao.

Nikasoma, nikafunzwa ualimu, nikaolewa, nikahamia Tudor. Baba hakunizuia kwenda popote, kana kwamba ameshanitoa kwenye hesabu ya vitu vya kuogopea. Lakini nikija na kitabu kwa ajili ya Nuru, anakiondoa mezani na kukiweka juu ya kabati. "Tulisema mmoja," ananikumbusha, kwa upole kabisa.

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipewa chumba kimoja karibu na soko, ubao uliopauka, na watu waliokuwa wakubwa kuliko mimi wote. Nilikuwa nimekesha nikichora picha za paka na mpira, nazo ndizo zilizokuwa kwenye vitabu vyangu vya chuo cha ualimu. Kulikuwa na hamali wa bandarini, Mzee Karisa, mtu mwenye shingo pana na adabu nyingi. Aliniacha nimalize kumbandika paka wangu ubaoni, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Huyu paka atanifaa nini bandarini?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana nilikuwa karibu kulia. Nikamwondoa paka. Nikamuuliza yeye ataka kusoma nini. Akasema ataka kuandika jina lake mwenyewe langoni, aache kuwekwa alama na karani. Tukaanza na jina lake, na tangu siku hiyo sikuanza na kitu kingine. Siku hizi wengi watataka kuanza na ujumbe wa simu, wajue wametumiwa nini na nani bila kumpa jirani asome siri zao. Anzeni na hicho. Paka atasubiri.

Bi Zarina alikuwa ameshazeeka, lakini alikuja kulitazama darasa langu. Alikaa nyuma, mkoba mapajani, hadi mwisho. Nikatarajia anisifu.

"Beti," akaniambia, kwa neno lake la kuniita binti, "nusu ya watu hawa si kwamba hawajui. Hawaoni. Wewe waandika vidogo kama wamwandikia sisimizi."

Wiki ile ile alizunguka kwa jamaa zake wote wenye maduka akakusanya miwani mizee ya kusomea, akaniletea kwenye bati la biskuti. Bati lile limekuwa chombo changu cha kazi kuliko chaki. Nilikwenda nalo Kibarani, nilipokuwa na darasa la jioni kwa watu waliokuwa wakiokota jaani, kabla jaa halijaondolewa. Mama mmoja nilimvalisha miwani, nikasubiri atazame ubao. Hakuutazama. Alitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. "Kumbe nimekatikakatika hivi," akasema. Tulimwacha aitazame mpaka aridhike. Alikuja kusoma vizuri sana yule, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu.

Na kwa wale wasiotoka majumbani, njia ni ile ya kofia. Usiende kubisha hodi ukiwa mwalimu, nenda ukiwa mteja. Pale Tudor kulikuwa na mke wa mtu orofa ya nne, akiuza mahamri dirishani kwa kamba na kikapu, mumewe hataki ashuke. Nilinunua mahamri mpaka nguo zikanibana. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kama naanzisha mkahawa. Baada ya miezi mume yule alinizoea, akafungua mlango, akaniruhusu nimsomeshe mkewe pale pale mezani yeye akisikiliza. Mwisho wake waliokuwa wakisoma walikuwa wawili. Bwana alikuwa hajui kusoma, na hicho ndicho alichokuwa akikificha kwa ukali wote ule. Sikumwambia kwamba nimejua. Niliweka kitabu katikati ya meza badala ya kukiweka mbele ya mkewe, basi.

Mambo kama hayo yalinipa jina. Wakawa wananiita kufungua nyumba za watu, huku Tudor, huku Mji wa Kale. Na kila nikirudi ofisini na habari njema, kulikuwa na mtu wa kuuliza, kwa nia safi tu, "Na mdogo wako je, Bi Swabra?" Nikaona heri nitoke nikatembee. Nimechakaza viatu vingi kwa swali hilo.

Kwani Baba alikuwa ameshazeeka. Kufuli lilishikwa na kutu likatupwa, na halikununuliwa jingine. Mlango ulikuwa wa kusukuma tu kwa kiganja. Na Nuru yuko ndani. Alimlisha Baba, alimwosha, alishona. Alitoka kwenda hospitali alipolazimika, amejifunika, mkono wake umenishika mpaka kucha zinaingia, kisha arudi. Ilikuwa rahisi zaidi kufuli lilipokuwapo, maana tulikuwa na kitu cha kukilaumu.

Nilimjaribu kwa kila hila niliyowafundisha nyinyi. Nikawa namnunulia kofia. Mteja, si ndivyo? Nikija kila wiki, nachagua, nasifu viua. Alinistahimili muda, kisha siku moja akaniwekea kofia mkononi akacheka.

"Dada, hiyo ni ya Bi Zarina. Naijua."

"Basi kama waijua, fanya iishe."

"Nenda zako darasani, utachelewa."

Nilijaribu na kibao. Nilijaribu na simu. Nilijaribu kulia, naliandika bila haya. Yeye husema, "Weka hapo," na kitabu kinakaa pale nilipokiweka mpaka vumbi liniite nikifute. Nikatoka pale na hasira mpaka nafika Makadara sijui nimepita wapi. Hasira na nani? Baba mzee, hajitambui vizuri. Nuru hajanitukana. Nilikuwa naona nasomesha mji mzima ili nisikae na jambo hilo moja.

Baba alifariki miezi michache kabla sijastaafu. Alikwenda asubuhi, baada ya kunywa chai yake, Nuru akiwa amemshika kikombe. Na sasa likaja jambo ambalo mtaa wetu haujui kulifanya kwa njia nyingine: mauti yakiingia nyumbani, mlango hufunguliwa. Hakuna anayeomba ruhusa. Kabla sijafika kutoka Tudor, wanaume wameshakaa nje barazani, wanawake wameshaingia na mikeka, sufuria, maji, udi. Watu aliowakimbia umri wake wote ndio waliomwosha, wakamvika sanda, wakambeba. Wengine walikuwa hawajawahi kuuona ukumbi wetu. Wakawa wanatazama dari kwa siri.

Nuru alikaa pembeni, mgongo ukutani, macho yamemtoka. Wanawake walimjia mmoja mmoja, wakamkumbatia, wakamwambia, "Pole mwanangu, pole dada." Kuna mama mmoja mzee aliyemshika uso akasema, "Huyu ana macho ya mamake," na Nuru akaniangalia mimi, kwa kuwa hilo hakuwahi kuambiwa na mtu.

Siku ya tatu tukasoma khitma. Kwa wasiojua: Kurani hutolewa sandukuni ikiwa imegawanywa juzuu thelathini, kila juzuu kitabu chake chembamba. Hugawiwa wanawake waliokaa, kila mmoja asome sehemu yake, na kwa pamoja Kurani nzima humalizwa kwa ajili ya maiti kwa kikao kimoja. Mimi nilikuwa jikoni na mambo ya kahawa. Aliyekuwa akigawa alimpa Nuru juzuu kama alivyowapa wengine. Ataachaje? Bintiye marehemu. Na nduguye mwalimu, itawezekanaje asijue kusoma?

Nilitoka na sinia nikamuona nayo mapajani, imefunguliwa. Ukumbi wote unanong'ona kwa kusoma. Nilitaka niende nimpokonye, nijidai ni yangu, niliyoiacha kwake. Nikamtazama, naye akanitikisia kichwa: usije.

Juzuu zikaanza kurudi sandukuni. Yule mama mzee akazipanga, akahesabu, akauliza, "Imebaki moja. Ni ya nani ili tusome dua?"

"Ni hii," Nuru akasema. "Haijasomwa. Mimi sijui kusoma."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Baadhi wakanigeukia mimi, na sitawaficha, nilitamani ardhi inimeze na sinia langu. Nilikuwa nimevaa beji ya kazi yangu miongo mingapi, na ndugu yangu yuasema vile kwenye khitma ya baba yetu.

Yule mama mzee hakushangaa. "Sogea," akamwambia, akakaa ubavuni mwake, akaisoma juzuu ile Nuru akiwa ameishika yeye mwenyewe, kidole cha mama kikienda chini ya kila mstari. Watu thelathini walingoja. Kahawa ilipoa, na hakuna aliyekohoa. Ilipokwisha, dua ikaombwa, tukala.

Siku nyingi Nuru hakulitaja. Nilihamishia nguo zangu Mji wa Kale nisimwache peke yake, nikawa napika na kuzunguka. Asubuhi moja alikuwa akipepeta mchele, akasema bila kuinua kichwa:

"Nataka kusoma."

Nilikuwa nimeshafika kabatini kutafuta chaki kabla hajamaliza. Nilikuwa na bati la miwani, nilikuwa na kibao. "Tuanze sasa hivi," nikamwambia. "Tuanze na jina lako."

"Si kwako, Dada."

"Vipi si kwangu?"

"Kila ukija na kitabu waja na uso wa matanga. Toka zamani. Wanitazama kama nimekufa nawe ndiye uliyepona. Mimi sikufa. Nilikuwa na Baba." Akaupeperusha mchele, akaondoa kijiwe. "Na tena huna subira. Nataka mwalimu asiyenijua."

Nimefundisha watu waliotoka jela na waliotoka baharini. Nimetukanwa kwa lugha tano. Hakuna lililowahi kunipiga kama lile, na lililoniuma zaidi ni kwamba lilikuwa kweli kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilitoka nikatembea mpaka Tudor, nikarudi. Nilipofika alikuwa ameshapika, na alinipakulia.

Kwa hiyo, Kadzo, wajua ni nani yule mama wa buibui aliyekuja kukaa karibu na mlango wa darasa uliloachiwa na mimi. Siku ya kwanza sikuruhusiwa kumsindikiza. Alisimama kizingitini akiwa ameshika mkoba wangu wa zamani, akavuta pumzi, akashuka. Nilimsikia akikosea njia, akiuliza mtu, akaenda. Nilifua nguo zote za nyumba ile, na zile zilizokuwa safi. Jioni nikakupigia simu nikuulize alivyofanya, nawe ukaniambia, "Bi Swabra, wewe ndiye uliyetwambia habari za mwanafunzi hazitoki darasani." Nikakukatia simu. Kisha nikapiga tena kukuomba radhi, nawe ulicheka, na bado hukuniambia.

Jana alirudi jua halijazama. Kabla hajaingia nilisikia sauti ya mwanamke kichochoroni, sauti nisiyoijua, ikiita, "Nuru! Kesho usichelewe, nakungoja!" Na Nuru akamjibu kwa kelele, yeye ambaye hajawahi kupaza sauti njiani, "Sichelewi mie, wewe ndiye mchelewaji!"

Akaingia, chaki kwenye mkono wa buibui.

"Nani huyo?" nikamuuliza.

"Mwenzangu."

"Wa wapi?"

"Wa darasani."

"Mmesoma nini leo?"

"Mambo yetu," akasema, akanawa mikono, akakaa kula.

Ndugu yangu huyu namjua tangu hajui kutembea. Kila homa aliyougua, kila kofia aliyoshona, kila alichokula, hakuna jambo lake nisilolijua, kwa kuwa halikuwapo la kufichika. Nikampakulia samaki, nikajizuia nisimuulize la pili, na wallahi ilikuwa kazi. Katikati ya chakula akacheka peke yake, mkono mdomoni, akikumbuka jambo la huko alikotoka. Sikuambiwa ni lipi.